Maua ya Uani, Mafuta ya Mwili

(Maneno ya mwanakikundi mbele ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nieleze kazi ya kikundi chetu cha akina mama. Tunatengeneza mafuta ya kujipaka. Vitu vyake tunavyo: alizeti shambani, waridi na asumini uani, nta mizingani. Lakini alizeti tunaiuza ikiwa mbegu, nta wengine wetu tunaitupa tukishakamua asali, kisha tunakwenda gulioni kununua kikopo cha mafuta kilichotoka mbali. Wapo hata wanaonunua krimu za kujichubua zenye zebaki, ambazo Serikali imezipiga marufuku kwa kuwa zinadhuru ngozi na figo.

Namna yetu ni hii. Chuma maua asubuhi, umande ukishakauka. Yaanike kivulini mpaka yavunjike ukiyafikicha. Hapo ndipo nilipokosea mimi mara ya kwanza: niliyatia mabichi, na baada ya wiki mbili chupa zote zilikuwa na ukungu. Nilimwaga lita mbili, mama mkwe ananitazama. Maji ni adui wa mafuta.

Maua makavu yajaze nusu ya chupa safi iliyokauka. Mimina mafuta ya alizeti yaliyochujwa mpaka yayafunike kabisa. Weka mahali penye joto pasipopigwa na jua kwa wiki nne, ukitikisa kila siku, kisha chuja kwa kitambaa safi. Ukitaka yagande, gramu 500 za mafuta zichanganye na gramu 100 za nta, uyeyushe katika bakuli lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe.

Nisiwadanganye, hii si dawa. Harufu yake ni ndogo, kazi yake ni kulainisha ngozi kiangazi. Hayazuii jua, kwa hiyo ndugu zetu wenye ualbino wasiache krimu zao. Na kila mtu ajaribu kidogo mkononi kwanza.

Tumekwama wapi? Kwa sasa tunajipaka wenyewe na kugawiana na majirani. Kuuza dukani kunataka kibali cha TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi. Kabla ya hapo tunahitaji mashine ndogo ya kukamulia alizeti, mizani, chupa zenye vifuniko, na nauli ya wenzetu wawili kwenda kujifunza SIDO Kigoma.

Ndugu zangu mlioko Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, kila likizo mnatuletea mafuta ya dukani, nasi tunashukuru. Mwaka huu naomba fedha ya kikopo hicho muitie kwenye bahasha ya mchango. Mkija likizo ijayo, sisi ndio tutawafungia mafuta ya kurudi nayo.