MLIO WA MASIKIO NA ASILI ZAKE
(Maneno yaliyonenwa mbele ya watu wa Somanga, Kilwa)

Leo twataka kunena juu ya mlio wa masikio, maana wengi wanao, na wachache hujua sababu yake.

Mtu husikia kengele, au filimbi, au uvumi kama wa kombe liwekwalo sikioni, na walio karibu naye hawasikii kitu. Wako wasemao kwamba anatajwa mahali, na wengine hudhani kuwa ni pepo. Lakini mlio huu si maradhi yenyewe, ni dalili tu. Kwa hiyo yatupasa kutafuta asili yake.

Asili ya kwanza ni nyepesi, nayo ni nta iliyoziba sikio. Mganga wa hospitali akiitoa, mara nyingi mlio hukoma. Msichokonoe kwa kijiti, maana kiwambo cha sikio hutoboka. Ya pili ni dawa. Kwinini huvumisha masikio, kama walivyojua babu zetu walioinywa kwa homa. Na aspirini nyingi hufanya vivyo hivyo. Mlio huo kwa kawaida huondoka dawa ikiisha mwilini. Ya tatu ni kupiga mbizi: mtu ashukaye kutafuta majongoo ya bahari hali ana mafua aweza kuumia ndani ya sikio.

Lakini iliyo mbaya zaidi ni kishindo, na katika pwani yetu kishindo kikuu kimekuwa cha baruti ya kuvulia samaki. Ndani ya kila sikio mna chembe kama 15,000 zenye vinyweleo, nazo ndizo zipokeazo sauti. Mshindo mmoja waweza kuziua nyingi, wala hazioti tena. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza baruti, na watu husimulia matumbawe yaliyovunjika na mikono iliyokatika. Lakini jeraha la sikio halionekani, kwa hiyo halisimuliwi. Kijana hurudi na samaki wa siku moja na mlio wa maisha.

Basi, mwenye mlio usiokoma na aende hospitali. Aliyeacha kusikia ghafula asingoje hata siku moja. Na ambaye mlio wake hauondoki asilale katika kimya kitupu. Sauti ndogo, kama ya mawimbi, humsaidia kupata usingizi.

Nanyi wazee, waambieni vijana mapema: wavu ukikatika hushonwa, chembe za sikio hazishoneki.