Kimbia Huku Ukizungumza

Msikilizaji, kila mwaka, mwezi Februari unapoelekea ukingoni, mji wa Moshi hujaa wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon. Wapo wa kilomita 42. Wapo wa 21. Wapo wa kilomita 5. Wewe unayeanza, chagua 5, wala usione haya.

Na mazoezini, kimbia polepole. Narudia: polepole. Ukiweza kuzungumza na mwenzako huku mnakimbia, mwendo huo unakufaa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Kwa nini? Pumzi huzoea mapema. Mifupa na kano huchelewa. Ndiyo maana goti au ugoko huanza kuuma wakati ule ule unapojiona una nguvu tele. Hapo ndipo wengi huacha mbio, nasi huwapoteza bure.

Anza na siku tatu kwa wiki, upumzike katikati. Kimbia kidogo, tembea, kimbia tena. Umbali uongeze taratibu. Ukiimudu 5 bila maumivu, jaribu 10. Hiyo 21 itafuata.

Kama una presha, ugonjwa wa moyo, au kifua hukubana ukikimbia, muone daktari kwanza.

Kesho asubuhi, tafuta mwenzako. Kimbieni huku mkizungumza.