Nani Alilipua Mabomba ya Bahari ya Baltiki?

Mabomba ya gesi ya Nord Stream yalilipuliwa Septemba 26, 2022, karibu na kisiwa cha Bornholm. Haukupita muda, lawama zikagawanywa: wengi wa nchi za Magharibi waliinyooshea kidole Urusi, nayo Moscow ikaitaja Uingereza, kisha Marekani. Ushahidi ulikuwa bado.

Wachunguzi wa Ujerumani waliipekua mashua ya matanga iitwayo Andromeda, iliyokuwa imekodishwa, wakakuta ndani yake chembe za vilipuzi. Leo watuhumiwa wao ni raia wa Ukraine. Serikali ya Kyiv inakana kuhusika. Mmoja alikamatwa Italia Agosti 2025 na baadaye akapelekwa Ujerumani. Mwingine, mahakama ya Poland ilikataa kumkabidhi.

Kinachoniudhi ni ukimya wa majirani. Februari 2024 Sweden na Denmark zilifunga majalada yao bila kumtaja mhusika, ingawa Denmark ilikubali kwamba ni hujuma ya makusudi. Wananchi wa Ulaya wamelishwa uvumi kwa miaka, na serikali zao zimeridhika hivyo. Ushahidi wote usomwe mahakamani, hadharani, hata ukimfedhehesha rafiki.