MTAJI WA WATU NI AMANA
Nasaha kwa vijana wanaoanzisha kampuni za teknolojia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.



Mada niliyopewa ni kampuni za teknolojia: wawekezaji, bodi na kukua kwa biashara. Mimi si sheikh wala si tajiri, ni mwanafunzi tu. Lakini vijana wengi tulio nao vyuoni wana programu ya simu wanayoitengeneza, na kila mmoja anasema jambo moja: "Nikipata mwekezaji tu, mambo yatakuwa sawa." Leo nataka tuliangalie neno hilo vizuri. Pesa ya mwekezaji si zawadi na si tuzo. Ni mali ya mtu iliyowekwa mikononi mwako, na utaulizwa juu yake mara mbili, hapa duniani na kesho akhera.

Kwanza, tujue tunapokea pesa ya aina gani.

Jambo hili si geni kwetu. Kabla ya kupewa utume, Mtume (S.A.W.) alisafiri na mali ya Bi Khadija (R.A.) kwenda Sham kufanya biashara, akifuatana na Maysara, mtumishi wa Bi Khadija. Yeye alitoa mtaji, Mtume akatoa kazi na uaminifu wake. Mafaqihi wanaiita biashara ya namna hii mudharaba. Faida hugawanywa kwa fungu mlilokubaliana tangu mwanzo. Ikipatikana hasara, mwenye mtaji anapoteza pesa na mwenye kazi anapoteza jasho lake, isipokuwa kama alizembea au alivunja masharti. Hapo atalipa.

Sasa angalieni mikataba ya siku hizi. Mwekezaji wa kampuni changa mara nyingi huleta deni linalogeuzwa kuwa hisa baadaye. Ukisoma ndani, deni hilo aghalabu lina riba inayojumlishwa kila mwaka. Kijana anaweka sahihi huku anasema, "Mimi sijakopa, nimewekezewa." La, ndugu yangu, umekopa, tena kwa riba! Kuna mkataba mwingine uitwao SAFE, uliotungwa na kampuni ya Y Combinator ya Marekani mwaka 2013. Huo si deni na hauna riba. Mwekezaji anatoa pesa leo, na hisa zake anazipata katika awamu ya uwekezaji itakayofuata. Hata hivyo hajui leo atapata hisa ngapi, kwa hiyo upelekeni kwa mashekhe wanaojua fiqhi ya biashara kabla ya kutia sahihi. Usiulize baada ya pesa kuliwa.

Pili, tuandikiane.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, haizungumzii swala wala saumu. Inazungumzia kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Na wazee wetu wakasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini sisi tunafanyaje? Vijana wawili wanaanza kampuni kwa maneno ya barazani. Shangazi anauza bangili zake za dhahabu anawapa pesa, na hakuna aliyeandika kama ni mkopo, ni hisa au ni sadaka. Kampuni ikifa, ugomvi unaingia nyumbani. Ikifaulu, ugomvi ni mkubwa zaidi! Basi shangazi naye ni mwekezaji, apewe karatasi yake kama mwekezaji wa Nairobi au wa Dubai.

Na ukiandika, fanya hesabu. Kila awamu ukiuza asilimia 20 ya kampuni, baada ya awamu ya kwanza nyinyi waanzilishi mnabaki na 80, ya pili 64, ya tatu 51 na kidogo. Mkiwa wawili, kila mmoja ana kama robo tu ya kampuni mliyoianzisha. Si dhambi, lakini ujue mapema.

Kuna sharti jingine, la mwekezaji kulipwa kwanza. Tuseme amekupa shilingi milioni 20 kwa asilimia 20. Baadaye kampuni inauzwa milioni 25. Wewe unadhani utapata milioni 20 kwa sababu una asilimia 80. Sharti lile linasema yeye achukue milioni 20 zake kwanza, na wewe unabaki na milioni 5. Mkataba haukudanganya, ni wewe hukusoma. Na hili nalo tuwaulize mashekhe, maana katika ushirika wa kisheria hasara humfuata kila mtu kwa kadiri ya mtaji wake.

Tatu, bodi ni shura.

Waumini wamesifiwa katika Qur'ani kwa kushauriana katika mambo yao. Bodi ya wakurugenzi ndiyo shura ya kampuni. Lakini shura ina watu wake. Mwaka 2003 huko Marekani, binti wa miaka 19, Elizabeth Holmes, alianzisha kampuni ya Theranos. Alidai mashine yake itapima magonjwa mengi kwa matone machache tu ya damu. Katika bodi aliwaweka watu wenye majina makubwa, kama Henry Kissinger na George Shultz, waliokuwa mawaziri wa mambo ya nje. Heshima walikuwa nayo, lakini wengi katika bodi ile hawakuwa wataalamu wa vipimo vya damu. Mwaka 2015 waandishi wa habari walifichua kwamba mashine haifanyi kazi kama ilivyodaiwa. Mwaka 2018 kampuni ikavunjwa, na mwaka 2022 Holmes alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji, akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11.

Somo letu ni hili: usitafute mheshimiwa wa kupamba bodi. Tafuta mtu anayeijua kazi na asiyeogopa kukwambia, "Hapa umekosea." Mpe hesabu za kweli, za kheri na za shari, kila baada ya miezi mitatu.

Wengine wanaogopa bodi, wanasema itawafukuza. Ni kweli, yaweza kutokea. Mwaka 1985 bodi ya Apple ilisimama upande wa John Sculley, mtu ambaye Steve Jobs mwenyewe alimshawishi aje aongoze kampuni, na Jobs akaondoka. Alirudi mwaka 1997. Kwa hivyo hesabu viti kabla ya kuhesabu pesa. Mkiwa na viti viwili vya waanzilishi, viwili vya wawekezaji na kimoja cha mtu wa kati, basi huyo wa kati ndiye mwenye uamuzi siku mtakapokosana. Mchagueni kwa uchaji Mungu wake na elimu yake, wala si kwa urafiki.

Nne, kukua.

Ukinunua mkate shilingi 50 ukauza 40, wateja watafurika mlangoni. Je, umekua? Kila mteja mpya ni hasara mpya. Kampuni nyingi changa hukua hivi, kwa kutegemea kwamba mwekezaji mwingine ataleta pesa nyingine. Hapa kwetu Kenya tuliiona Copia, iliyokuwa ikiwapelekea bidhaa watu wa vijijini kupitia mawakala wenye maduka. Kazi yao ilikuwa na manufaa, na ilipata zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa wawekezaji. Ilienda hadi Uganda. Lakini pesa mpya zilipokosekana, Mei 2024 iliwekwa chini ya wasimamizi, na mamia ya wafanyakazi wakabaki bila kazi.

Hapo ndipo ninapotaka tuogope. Mwekezaji mkubwa akipoteza, ana mali nyingine. Lakini yule kijana wa pikipiki na yule dada wa ofisini wanategemea mshahara wa mwisho wa mwezi. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza mfanyakazi alipwe ujira wake upesi. Basi kila mwezi fanya hesabu hii: una shilingi milioni 1 na laki 2 benki, kila mwezi unapungukiwa na laki 2, umebakisha miezi sita. Kumpata mwekezaji huenda kukachukua miezi hiyo hiyo. Waambie wenzako ukweli mapema, si siku ya mishahara.

Mkumbukeni Abdurrahman bin Auf (R.A.). Alipohamia Madina hana kitu, Sa'd bin Rabi' (R.A.) alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akaanza na jibini na samli, na Allah akamfanya tajiri mkubwa. Hakukataa kwa kiburi. Alijua soko litamfundisha asichoweza kufundishwa na mtaji wa kupewa. Nawe kabla hujamtafuta mwekezaji, tafuta wateja kumi wanaolipa kwa hiari yao.

Ndugu zangu, mwezi huu wafanyabiashara wengi wanafungua madaftari yao ili watoe zaka. Nasi tufungue yetu. Kila mwenye kampuni, hata kama ni ya simu moja na laptopu moja, usiku wa leo baada ya tarawehe aandike majina ya wote waliompa pesa, kiasi gani, na kwa makubaliano gani. Asiyejua la kuandika mbele ya jina, kesho aende kwa mwenyewe wakubaliane, wakiwa bado wanapendana.

Allah atujaalie rizki ya halali, atufanye waaminifu wa mali za watu, na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.