Boila Ikifa, Hesabu Ndoo Kwanza

Wiki hii nimechagua jambo lisilozungumzwa bungeni wala barazani, lakini ambalo asubuhi ya Julai huzungumzwa katika nyumba nyingi hapa Nairobi: maji moto ya kuoga. Kati ya Juni na Agosti mawingu hulifunika jiji kutwa, na maji ya mfereji huuma vidole. Ndipo boila iliyo juu ya dari, ambayo hakuna aliyeikumbuka mwaka mzima, inapochagua kufa.

Ikishakufa huitwa fundi. Naye fundi, kabla hajapanda ngazi, hutoa hukumu: "Mzee, hii ni ya kununua nyingine." Kwa mtu wa mshahara, hukumu hiyo ni karo ya mtoto. Basi tuichunguze.

Boila ya stima ni chombo chepesi kueleweka. Kuna tangi la chuma, koili ya kupasha maji, kidude cha kukata stima maji yakishapata moto, yaani thamostati, na vali ya usalama. Maji yakiwa baridi lakini hakuna tone linalovuja, mara nyingi kilichokufa ni koili au thamostati, na vyote viwili huuzwa peke yake kwa sehemu ndogo tu ya bei ya boila nzima. Swichi kuu ikijikata kila unapowasha boila, mshuku koili. Maji yakidondoka kwenye vali, chunguza vali hiyo na nguvu ya maji yanayoingia, usilaumu tangi. Lakini maji yakitoka katika mwili wa tangi wenyewe, tena yana rangi ya kutu, hapo fundi amesema kweli. Usikubali kuchomelewa, kwa sababu moto wa kuchomelea huharibu utando wa ndani unaozuia kutu, na baada ya muda mfupi utavuja pengine.

Kwangu yamenifika yote mawili. Mara ya kwanza fundi alitaka ninunue boila mpya. Nikamwita wa pili, akaja na kipimo chake, akagundua ni koili tu, na jioni tukaoga. Miaka michache baadaye tangi lenyewe likatoboka. Hapo sikuwa na budi kununua, na ndipo nilipojiuliza swali ambalo nakuomba nawe ujiulize: nyumba hii inaoga ndoo ngapi?

Chukua karatasi tuhesabu. Mtu mmoja huoga vizuri kwa ndoo ya lita 20 yenye joto la digrii 40. Kama maji ya mfereji yana digrii 18, kuipasha ndoo hiyo ni nusu yuniti ya stima. Watu wanne ni yuniti mbili. Sasa tazama boila ya lita 100: kuipasha kutoka digrii 18 hadi 60 hula karibu yuniti tano. Watu wanne wakishaoga, yuniti kama tatu hubaki ndani ya tangi zikipoa polepole juu ya dari, na thamostati huzirudishia joto usiku kucha huku ninyi mmelala. Boila ya lita 50 hula chini kidogo ya yuniti mbili na nusu, na inawatosha watu hao hao wanne. Fundi alikuwa ameniandikia ya lita 100, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Nilinunua ya 50. Nilipunguza bei dukani, na napunguza bili kila mwezi.

Wengine watasema, kwa nini usiweke ile shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo? Ni kweli, bei yake ni ndogo, wala haihifadhi maji ya kupoa bure. Lakini maji hayajui yamepashwa na nani. Shawa ya kilowati tano na nusu, ukioga dakika sita, hula zaidi kidogo ya nusu yuniti, sawasawa na ndoo yako. Kijana akijifungia humo dakika ishirini akiimba, faida imekwisha. Tena shawa hiyo huvuta ampea 23 kwa mkupuo mmoja. Inahitaji nyaya nene za peke yake kutoka kwenye swichi kuu, na waya wa kwenda ardhini usio na mashaka. Mtu anayeiunganisha na waya wa taa ili aokoe pesa anatega mtego bafuni, na atakayenaswa huenda akawa mtoto.

Na jua je? Jua halitumi bili, na mwenye paa lake na akiba yake atafanya vyema kulifikiria. Lakini gharama ya kuanzia ni kubwa, mpangaji hawezi kuhama na paa, na katika mawingu ya Julai bado utahitaji stima ya kusaidia.

Kuna mahali pawili ambapo nakusihi usibane matumizi. Kwanza ni vali ya usalama. Lita 100 za maji zikipashwa hadi digrii 60 huongezeka kwa lita moja na nusu, na ongezeko hilo lazima lipate njia. Nimewahi kuona vali iliyozibwa kwa kizibo kwa sababu eti ilikuwa ikidondosha maji. Thamostati ikigoma kukata katika nyumba kama hiyo, tangi hugeuka bomu. Pili ni ile fimbo ya magnesiamu iliyomo ndani ya tangi nyingi za chuma. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha, zamu ni ya tangi. Mwambie fundi aitazame kila mwaka au miwili, hasa kama mnatumia maji ya chumvi ya kisima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo, msikilizaji, boila ikifa usikimbilie duka. Muulize fundi akuonyeshe kilichokufa. Kama ni tangi, hesabu ndoo za nyumba yako kabla hujataja lita. Pesa utakayookoa itumie kwenye vali nzima, nyaya nene na fundi mwenye leseni. Mtu hawezi kuwa na bajeti ndogo kiasi cha kununua hatari.

Hadi wiki ijayo, nawatakia maji ya uvuguvugu.