Soja, rungu na sheria ya 1930



Nianze na swali. Hapa tulipo, nani hana kaka, ami au mjomba anayefanya kazi ya usoja? Jioni wanavuka feri na sare zao kwenda kulinda maduka na magodauni ya watu, asubuhi wanarudi na usingizi machoni. Na sisi hawa hawa, siku ya maandamano, ndio tunaoitwa waporaji. Yaani mwenye rungu na anayepigwa rungu wametoka mtaa mmoja.

Sasa sikilizeni. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, ni ya mwaka 1930, enzi za mkoloni. Kifungu cha 17 kinasema mtu akitumia nguvu kujitetea au kutetea mali, hatia yake itapimwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Kiingereza. Uhuru tumepata 1963, katiba mpya 2010, na bado soja wa Likoni akimvunja kijana mkono dukani usiku, kipimo kinatoka Uingereza.

Vizito zaidi ni vifungu vya 81 na 82. Watu 12 au zaidi wakifanya ghasia, hakimu, au asipokuwepo, polisi wa cheo cha inspekta kwenda juu, anaweza kutoa amri watawanyike. Muda ukipita na wakikaidi, nguvu ya kuwashinda inaruhusiwa kwa kiasi kinachohitajika, na mtu akiumia au akifa, aliyeitumia hashtakiwi wala hadaiwi. Vimechukuliwa kwenye sheria ya ghasia ya Uingereza ya 1714. Wenyewe walishaifuta. Sisi tunayo!

Na msidhani ni mambo ya vitabuni. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, watu walikuwa pale feri wakikimbilia kurudi nyumbani. Wakapigwa marungu na gesi ya machozi kabla saa ya kafyu haijafika. Kafyu yenyewe ilitangazwa kwa Sheria ya Utulivu wa Umma ya 1950, ya mkoloni pia. Ajabu ni kwamba hata sheria hiyo, kifungu cha 14, inasema nguvu isizidi inayohitajika. Aprili mwaka ule Mahakama Kuu ikaamua: kafyu ni halali, lakini nguvu waliyotumia polisi ilikuwa kinyume cha katiba.

Halafu Julai 2025 Rais akasema anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu. Wengi walipiga makofi, na mwenye duka namuelewa wallahi, jasho la miaka limebebwa kwa saa moja. Lakini hakuna sheria inayosema adhabu ya kupora ni risasi, ya mguu wala ya kichwa. Paja lina mshipa mkubwa wa damu, ukikatika mtu anaweza kufa kabla hajafika hospitali. Na kwenye umati, nani anajua risasi imempata mporaji au mama anayetoka sokoni?

Kwa masoja wetu sasa. Sheria ya Mwenendo wa Jinai inamruhusu raia kumkamata anayemuona akifanya kosa kubwa kama la wizi, amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Nguvu ni ile ya kumkamata tu. Akishakaa chini ametulia, rungu la pili ni kesi yako wewe, si ya tajiri wako. Ukiitwa kortini, sidhani utamuona amekaa nyuma yako.

Binamu yangu alipewa sare na rungu mchana, usiku ule ule akaingia zamu. Nilimuuliza, siku ile walikwambia nini kuhusu kumpiga mtu? Akasema hawakumwambia kitu. Waliambiwa tu kikipotea kitu, kitakatwa kwenye mshahara.

Mukifika nyumbani leo, waulizeni wenu.