Ndege za Kivita Zinapoanguka, Nani Hubebeshwa Mzigo?

 

Najua wapo walioliona jina langu kwenye ratiba wakaulizana, huyu dada muuguzi na ndege za kivita wapi na wapi? Mimi si mwanajeshi. Lakini kikao kilichopita kaka yetu mmoja alisema ndege za kivita zikianguka sababu huwa moja tu, rubani kazembea, nami nikabisha mpaka chai ikapoa. Mwenyekiti akasema kama unajua sana basi njoo utueleze. Ndiyo nimekuja.

Nianze na kitu nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka 2016 nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja hapa Uingereza. Mwenzangu, mtu wa pwani kama mimi, alikuwa anampeleka mgonjwa kupigwa picha, na mgonjwa yuko kwenye oksijeni ya mtungi. Mitungi ile ilikuwa na hatua mbili: kwanza unafungua koki kuu, halafu unazungusha kidude kingine kuchagua lita ngapi kwa dakika. Ukizungusha cha pili ukasahau cha kwanza, namba ya lita inaonekana vizuri kabisa, lakini hewa haitoki. Ndicho kilichotokea. Wako njiani kwenye korido, midomo ya mgonjwa ikaanza kubadilika rangi. Tulimuwahi, akapona. Dada wa watu akaitwa kikao cha nidhamu, ikaandikwa uzembe, faili likafungwa. Mtungi uleule ukarudi wodini.

Januari 2018 mamlaka za NHS zilitoa tahadhari kwa hospitali zote: matukio zaidi ya 400 ya kukosea kuifungua mitungi ya oksijeni katika miaka mitatu, na wagonjwa sita walikufa. Jamani, wauguzi wote hao walikuwa wazembe? Au mtungi wenyewe ulikuwa unamdanganya mtu?

Nilipokuja kusoma habari za Kapteni Jeffrey Haney wa jeshi la anga la Marekani nilimkumbuka mwenzangu huyo, na ndiyo maana naomba mnivumilie niieleze kesi yake kwa kirefu.

Usiku wa tarehe 16 Novemba 2010, huko Alaska, Haney alikuwa anarudi kutoka mazoezini na ndege ya F-22, ambayo wakati ule Marekani ilijivunia kuliko zote. Ndege hii haikutegemea mitungi mikubwa ya oksijeni. Ilichukua hewa kutoka kwenye injini, ikaichuja, ikampa rubani. Sasa hewa ile ya injini ikavuja, mitambo ikahisi hatari ya moto, ikafunga mabomba yenyewe. Injini ziko salama, lakini pamoja na mabomba hayo ikafungwa na pumzi ya rubani. Yuko futi 51,000, kavaa manguo mazito ya baridi, miwani ya kuonea usiku, na barakoa iliyobana uso ambayo ndani yake hakuna kitu.

Kulikuwa na oksijeni ya akiba. Lakini haikujifungua yenyewe. Ilibidi apapase pembeni ya kiti, chini kwenye paja la kushoto, atafute pete ndogo ya kijani na kuivuta kwa nguvu. Gizani, na glavu mikononi, huku unakosa hewa. Wauguzi wenzangu mlioko hapa mnajua mtu anayekosa hewa anavyokuwa. Hafikirii hatua ya kwanza na ya pili, anahangaika. Haney aliteremsha ndege haraka, ikajipindua, na inaonekana alijaribu kuinua pua sekunde chache kabla haijagonga ardhi. Alikufa palepale.

Ripoti ya jeshi ilitoka Desemba 2011. Ilikiri kwamba hewa ilikatika. Ilikiri kwamba huenda alijisikia kama anayekabwa. Halafu ikasema chanzo cha ajali ni rubani, kwa sababu akili yake yote ilikuwa kwenye kurudisha hewa, akaacha kuangalia vyombo. Mimi niliposoma hapo niliweka karatasi chini. Yaani marehemu analaumiwa kwa kushughulika na kupumua!

Tena tatizo la hewa kwenye ndege hizo halikuwa siri. Marubani wengine walikuwa wanalalamika kizunguzungu, kuchanganyikiwa na kikohozi kisichoisha. Mei 2011 F-22 zote zilizuiwa kuruka, zikakaa chini zaidi ya miezi minne, zikaruhusiwa bila chanzo kujulikana. Mei 2012 marubani wawili kutoka Virginia wakajitokeza kwenye televisheni wakasema wazi kwamba hawarushi tena ndege hiyo. Ndipo mambo yakaanza kwenda mbio. Ikabainika kwamba fulana ya shinikizo waliyovaa ilikuwa na valvu mbovu, ikawa inajaa upepo wakati usiohitajika na kubana kifua, na kuna chujio la mkaa lililoongezwa ambalo lilipunguza hewa. Kifua kimebanwa na hewa inakuja kidogo. Hiyo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi angekwambia matokeo yake.

Hapa niingize kidogo ya taaluma yangu, maana wengi hudhani mtu akikosa oksijeni atajua. Hajui! Ubongo ukipungukiwa haupigi kelele. Mtu anajisikia mwepesi, anakosea hesabu ndogo, na kibaya zaidi anaamini yuko sawa. Nimeshavutana na wagonjwa wanaovua barakoa wakiniambia "mimi mzima, niache" huku kipimo cha kidoleni kinasoma 75. Sasa huyo umpe ndege ipitayo kasi ya sauti.

Februari 2013 mkaguzi mkuu wa wizara ya ulinzi ya Marekani alitoa tathmini yake: hukumu ile dhidi ya Haney haikuungwa mkono na ushahidi uliomo ndani ya ripoti yenyewe. Jeshi la anga halikukubali, lilishikilia hukumu yake. Lakini wakati huohuo walianza kufunga kwenye F-22 mfumo wa oksijeni ya akiba unaojifungua wenyewe. Kama kosa lilikuwa la rubani, pete ya kijani ilikuwa na ubaya gani?

Naomba nieleweke. Sisemi binadamu hakosei. Novemba 2021 ndege ya F-35 ya Waingereza hawa tunaoishi nao iliteleza kutoka kwenye meli ya HMS Queen Elizabeth ikatumbukia Mediterania, kwa sababu kifuniko cha mdomo wa injini kiliachwa ndani. Rubani alijirusha akaokoka. Kosa la mtu? Ndiyo. Lakini ni kosa ndugu wa lile la pamba kusahaulika tumboni mwa mgonjwa, na kwenye chumba cha upasuaji hatukulimaliza kwa kugombezana. Tulilipunguza kwa kuhesabu pamba kabla na baada, wawili wawili, kwa sauti.

Na kuna ajali zinazoanzia mbali zaidi, kwenye meza ya kusaini mkataba. Wazee wangu mtaikumbuka F-104 Starfighter. Ilibuniwa kupanda juu haraka na kuwahi ndege za adui. Wajerumani wa Magharibi walipozichukua, 916 kwa jumla, wakazibebesha kazi nyingine, kushambulia ardhini, kuruka chini chini na katika kila hali ya hewa. Marubani wao walifunzwa Arizona kwenye jua, wakarudi nyumbani kuruka kwenye mawingu na ukungu. Karibu ndege 300 zilianguka na marubani zaidi ya 100 wakafa, hadi watu wakaiita mtengeneza wajane. Mwaka 1966 Jenerali Johannes Steinhoff alipokabidhiwa jeshi la anga alizisimamisha kwa muda, akabadili mafunzo na matengenezo, na ajali zikapungua. Vijana walikuwa walewale wa Kijerumani. Kilichobadilika ni namna walivyotunzwa.

Baadaye, miaka ya 1970, Lockheed walikiri kwamba walikuwa wakiwahonga wakubwa wa nchi za nje ili wauze ndege zao, na mwaka 1976 Prince Bernhard wa Uholanzi akapoteza vyeo vyake vya kijeshi kwa kashfa hiyo. Sisi Watanzania tulioishi na kashfa ya rada ya BAE sina haja ya kuwatafsiria.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, kaka yangu. Ripoti ya Haney ilikuwa mbovu, lakini ilichapishwa. Ndiyo maana mkaguzi aliweza kuipinga, na mimi muuguzi nimeweza kuisoma nikiwa jikoni kwangu. Kwetu Afrika Mashariki tunanunua ndege hizi pia; Uganda peke yake ilichukua Su-30 sita kutoka Urusi kwa mamia ya mamilioni ya dola, kati ya 2011 na 2012. Ikitokea moja ikaanguka, humu ukumbini nani anategemea kuisoma ripoti yake? Mama wa rubani ataonyeshwa nini zaidi ya jeneza na tamko la mistari mitatu?

Mwenzangu yule wa mtungi aliacha kazi mwaka uliofuata. Tahadhari ya 2018 ilipotoka nilimpigia simu nikamsomea yote, pamoja na zile namba. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kuna mtu yeyote amelifungua tena faili lake. Nikamwambia hapana.

Nimebakiwa na dakika kumi, kwa hiyo maswali yaanze, na yule kaka wa kikao kilichopita nampa nafasi ya kwanza.